Harusi Niliyoitangaza Mimi

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, hapa hapa Msambweni. Asubuhi hiyo niliamka kabla ya adhana, nikaoga, nikajifunga leso mpya, nikatoka kwenda kualika watu harusini. Nilipiga hodi nyumba baada ya nyumba. Kila aliyenifungulia nilimwambia kwamba wifi yangu Mejumaa anaolewa Jumapili, kwamba bwana harusi ni kijana wa Gazi, na kwamba waje mapema maana watu watakuwa wengi.

Hakukuwa na harusi, mwanangu. Mejumaa mwenyewe alikuwa uani anatwanga mahindi, hana habari yoyote.

Nakueleza haya kwa sababu mamako amenipa habari zako. Ameniambia umerudi kutoka hospitali na jina la ugonjwa, bipola, na tangu hapo umejifungia chumbani, vidonge umevitia chini ya godoro, na ukiitwa kula unasema hakuna mtu katika ukoo huu awezaye kukufahamu. Basi vuta kiti ukae karibu nami. Yuko mmoja, naye ni mimi bibi yako. Mamako hakukwambia kwa sababu nilimwomba aniachie nikwambie mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Diani. Nilipoolewa na Hamadi, babu yako, nililetwa huku Msambweni kwa mamake. Sote tulimwita Mayo, yaani mama kwa Kidigo, hata majirani walimwita hivyo. Hamadi alifanya kazi katika mashamba ya miwa ya Ramisi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wanawake watatu: Mayo, Mejumaa binti yake wa mwisho, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kushona kofia, zile za viua, zinazotobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi tundu baada ya tundu. Ni kazi ya mtu aliyetulia, nami nilikuwa nimetulia. Mayo alikuwa akinisifu kwa wageni hata nikaona haya.

Kisha usingizi ukanikimbia. Mwanzo nililala kidogo nikaamka nimechangamka. Baadaye sikulala kabisa, na sikuchoka. Nilianza kofia nyingi kwa mpigo, kila moja na ua ambalo halijapata kushonwa na mtu. Maneno yalinitoka mbio, hili halijaisha lile limefika. Nilimpa jirani sufuria zetu, nikampa mwingine blanketi la Mayo. Mtu akinikataza nilimwona mjinga, na nikamhurumia kwa ujinga wake. Wewe unaijua hali hiyo, naona unaitikia kwa kichwa. Wasikudanganye kwamba mgonjwa hulia tu. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuionja tena, na nisingeiita ugonjwa hata kama ungeniapisha msikitini.

Katika furaha hiyo ndipo lilipoingia wazo la harusi. Kweli ni kwamba watu wa Gazi walikuwa wamekuja kuulizia habari za Mejumaa, polepole, kwa adabu, kama ilivyo desturi. Neno la mwisho lilikuwa halijasemwa. Mejumaa alikuwa anamtaka yule kijana, na mwenyewe ndiye aliyeniambia siri hiyo. Akilini mwangu nikaona: kwa nini wangoje? Nikawaoza.

Jumapili ilipofika wakaja. Wanawake wa Msambweni hawakosi harusi, na habari ilikuwa imefika hadi kwa mashoga zao wa mbali. Waliingia uani na vigelegele, wamebeba ndizi, nazi, sinia za mahamri, wengine na matari yao. Mimi nilikuwa katikati naimba na kupiga makofi. Mejumaa aliposikia jina lake katika wimbo alitoka jikoni, akaangalia watu wale wote, akaelewa. Alifunika uso kwa leso akakimbilia chumbani.

Na wakati ule ule akaingia mamake yule kijana wa Gazi. Hakuwa amekuja na sinia. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimeambiwa mwanangu anaoa leo. Nimekuja kumwona anayemwoza."

Matari yakakoma. Mimi niliendelea kuimba peke yangu kidogo, kisha nami nikaacha. Kila mtu alimwangalia Mayo.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimewaona watu wengi wakiaibishwa mbele za watu. Sijamwona aliyefanya kama alivyofanya Mayo. Alifuta mikono yake, akamwendea yule mama, akampa mkono na kumkaribisha mkekani. Kisha akawageukia wageni.

"Wenzangu," akasema, "leo hapana harusi. Mkaza mwanangu hajiwezi. Yale maneno aliyowaambia yalisemwa na maradhi, na ningejua mapema ningewapa habari msijisumbue. Niwieni radhi. Lakini mmeshafika kwangu, na mtu hafiki kwangu akarudi na njaa. Kaeni tule tulicho nacho."

Wengine waliondoka wananong'ona. Wengi walikaa. Walikula wali na mbaazi kimya kimya, na walipoondoka walinipa mkono kama wanavyompa mkono mgonjwa. Mama wa Gazi hakula. Alimwambia Mayo kwa upole kwamba hana kinyongo, lakini asingeweza kumwoza mwanawe katika nyumba yenye wazimu. Ule ndio ukawa mwisho wa posa ya Mejumaa.

Baada ya siku ile nyumba ilijaa washauri. Kakangu alikuja kutoka Diani na kamba, akisema nimemtia aibu na ni heri nifungwe niende kukaa kwake, ndani, nisionekane. Hamadi alirudi kutoka Ramisi amekonda uso. Walikaa barazani, nami nilikuwa nazunguka uani nahutubia kuku, lakini nilisikia yote. Hamadi hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana tu, na alikuwa amechoka.

"Mayo," akasema, "pengine arudi kwao. Akipoa tutaona."

Mayo akamwuliza, "Ulipougua homa mwaka ule, ukaweweseka ukanitukana mimi mamako, nilikurudisha wapi?"

"Uliniuguza, Mayo."

"Basi na huyu atauguzwa. Nawe mwanangu," akamwambia kakangu, "hiyo kamba kafungie mbuzi. Salamu zangu kwa mamako, mwambie mwanawe yuko kwangu."

Kakangu alikuwa mkubwa kwangu sana, mtu wa kuogopwa. Aliikunja kamba yake akaondoka.

Hawakuacha kunijaribia dawa ya aina yoyote. Mayo alimwita shekhe wetu, akanisomea, akaandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, ikaoshwa nikanywa maji yake. Walikuja watu wa pepo na ngoma zao, wakanifukiza, wakaniuliza jina la pepo na anataka nini. Niliwapa majina mengi, kila moja na mahitaji yake, hata wenyewe wakacheka. Simcheki mtu kwa hayo. Kila mmoja alinipa alichokuwa nacho.

Kisha furaha ikakatika. Haikupungua, ilikatika, kama uzi. Watu wa pepo wakasema nimepona kwa kuwa nimenyamaza. Kumbe nilikuwa nimetumbukia.

Huko chini sina maneno mengi ya kukueleza, kwani huko hakuna maneno. Nililala nimeelekea ukutani. Chakula kilikuwa kama mchanga. Nilikumbuka harusi ile, kila sura, kila kigelegele, na sura ya Mejumaa zaidi ya zote. Nilitamani Mungu anichukue. Nilimwambia Mayo hivyo, neno kwa neno. Hakunigombeza wala hakusema nakufuru. Alisema, "Umefanya vizuri kuniambia." Tangu hapo hakuniacha peke yangu hata mara moja. Akienda kisimani alimweka jirani karibu nami, na kila kitu alichokihofia alikiondoa chumbani, mkasi wangu wa kazi ukiwa wa kwanza.

Mejumaa alikuwa hasemi nami. Tuliishi ukuta mmoja, akinipita kama upepo. Na haki alikuwa nayo.

Alasiri moja Mayo alikwenda mazikoni, na hapakuwa na jirani wa kumwachia zamu. Nilisikia nyayo zake Mejumaa, nikafumba macho. Aliketi kitandani. Nywele zangu zilikuwa zimefungamana kama wavu uliotupwa, hazijaguswa tangu nianze kulala. Akasema:

"Mwanaisha, nimekukasirikia. Sitaki kukudanganya, bado nimekukasirikia. Lakini geuka nikusuke."

Niligeuka. Alitia mafuta ya nazi, akaanza kufungua vifundo vile kimoja kimoja kwa vidole kabla ya kutumia kitana, asiniumize. Alikuwa analia, machozi yananidondokea shingoni, nami sikuweza kulia, machozi sikuwa nayo. Nikamwuliza, "Wifi, utanisamehe?"

"Sijui," akasema. "Inamisha kichwa."

Alinisuka mpaka kazi ikaisha. Nywele zilipokaa vizuri alinishikia kioo, na mimi niliyekuwa siwezi kujitazama nikajitazama. Sikupona siku hiyo. Lakini nilikunywa uji aliouleta, wote.

Shekhe aliporudi kunijulia hali ndiye aliyemwambia Mayo, "Mimi nitaendelea kumsomea na sitachoka. Lakini mimi mwenyewe jino likiniuma nasoma na nakwenda kung'olewa. Mpelekeni hospitali." Wako waliomlaumu kwa neno hilo. Mayo alianza kufunga mzigo.

Tulikwenda Mombasa, Mayo, Mejumaa na mimi, tukavuka Likoni kwa feri. Hospitalini tulionana na daktari mmoja Mhindi, mtu mzima, aliyesema Kiswahili cha Mvita kama mwenyeji. Nilidhani ataniuliza huzuni yangu imetoka wapi. Aliuliza jambo jingine.

"Kabla ya kulala hivi, ulikuwaje? Ulikuwa na furaha?"

Mayo akamwelezea harusi. Alipofika pahala pa kijana wa Gazi akasita, akimtazama binti yake, na Mejumaa mwenyewe akaimalizia hadithi hata mwisho. Daktari hakucheka. Alimwambia Mayo, "Mama, mmekuwa mkingoja huzuni iishe ili furaha irudi. Furaha ile na huzuni hii ni ugonjwa mmoja. Unapanda naye, unashuka naye. Tutatafuta kumweka katikati."

Nikamwuliza kama nitapona. Aliniangalia machoni, mwanangu, na daktari kumwangalia machoni mwanamke wa kijijini miaka ile halikuwa jambo la kila siku. Akasema, "Sitakwambia utapona ukausahau. Nakwambia utaishi, ufanye kazi yako, ulee watoto wako, na siku nyingine utalazimika kuja hapa."

Nililazwa kwa majuma kadhaa. Vidonge vya kwanza havikuwa hivi vyenu. Vilikuwa vimeanza tu kuletwa kutoka Ulaya, navyo vilikuwa vizito: kinywa kilikauka, miguu ikawa ya kuburuta, mikono ikatetemeka. Niliporudi nyumbani nilishika sindano nikajichoma vidole. Kofia nzima ikawa na madoa ya damu. Nikamwambia Mayo, "Bora nirukwe na akili nikiwa na mikono yangu. Sivitaki tena." Na jirani mmoja, kwa wema wake, akaniunga mkono, akisema nimeshapona, ya nini kujilisha sumu.

Hapo ndipo Mayo alinikemea, mara ya pekee aliyowahi kunikemea. "Mikono yako inakusumbua, nami naiona," akasema. "Kesho twende tukamwambie aliyekupa. Akisema punguza, tutapunguza. Akisema badilisha, tutabadilisha. Lakini hutaacha kwa kusikia maneno ya uani. Wale waliokuja kula wali hapa hawakuja kukuuguza."

Tulikwenda. Daktari alipunguza, akabadilisha saa za kumeza. Mikono haikutulia kabisa, ikatulia kiasi cha kushona kofia za viua vikubwa, na hizo nikawa nashona. Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mtu mzima, ndipo nilipopewa vidonge vinavyonifaa hasa, hivi ambavyo lazima upimwe damu kila mara. Ndivyo nimezavyo mpaka leo.

Na Mejumaa? Alikuja mchumba mwingine, baharia wa Shimoni. Jamaa zake walipoketi barazani, kabla ya neno lolote Mayo aliwaambia, "Nyumba hii ina mgonjwa wa akili. Ni mkaza mwanangu, yule pale anayewamiminia kahawa. Tunamuuguza. Kama hilo linawatisha, maji ya kunywa mmeshapata, nendeni kwa amani." Mzee wao akapokea kikombe kutoka mkononi mwangu, akanywa, akasema, "Sisi tumekuja kuposa." Harusi hiyo niliihudhuria nikiwa nimekaa kimya pembeni, na sikumwalika hata mtu mmoja. Mejumaa ndiye aliyekuja kunivuta nicheze.

Ugonjwa ulirudi, sitakuficha. Ulirudi mara nyingi katika maisha yangu. Lakini ngoja nikwambie mara ile ulipoanza kurudi, Mejumaa alipokuwa amekuja kutuamkia na mtoto wake wa kwanza. Asubuhi nilijikuta nimeanza kofia ya tatu na zile mbili hazijaisha. Usiku wake sikuwa nimelala, na nilikuwa najisikia vizuri mno, napanga safari ya Pemba. Nikasimama na sindano mkononi. Moyo wangu wote ulikuwa unaniambia, nyamaza, hii ni furaha, waja wa Mungu huipata, nawe ifaidi. Nikamwendea Mejumaa uani.

"Wifi," nikamwambia, "nimeanza."

Hakuuliza nimeanza nini. Alimkabidhi Mayo mtoto, akajifunga leso, akasema, "Twende." Mchana huo tulikuwa kwenye feri. Nilikuwa nasema njia nzima bila kupumua, naye ameushika mkono wangu, akiitikia, "Ndiyo wifi, ndiyo," mpaka mlangoni kwa daktari. Mara hiyo sikulazwa kwa muda mrefu. Hakuna aliyealikwa mahali, hakuna sufuria iliyopotea.

Basi, mwanangu, nilichonacho cha kukupa ni hiki. Vitoe vidonge chini ya godoro uvimeze. Vikikuudhi, nenda kwa aliyekupa umwambie vinakuudhi vipi, asipokusikiliza tafuta mwingine, lakini usiache mwenyewe. Linda usingizi wako, maana ugonjwa huu huanza kwa kukunyang'anya huo. Siku za furaha ya kupita kiasi ndizo za kuhofia zaidi, kwani hakuna atakayekuonea huruma, utapigiwa makofi. Siku ukiona heri usingekuwapo, mwambie mtu palepale, hata kama ni mimi na ni usiku wa manane, mlango wangu si mbali. Chagua watu wawili utakaowapa ruhusa ya kukwambia "umeanza", na wakikwambia usibishane nao. Sala usiache, na hospitali usiache. Shekhe wetu aliziona zote mbili ni njia ya kumwomba Mungu yule yule. Na wale ambao ugonjwa wako umewaumiza, wape nafasi ya kukasirika. Mejumaa alikasirika na akanisuka. Mapenzi yalikuwa hayo, na mpaka alipofariki sikupata rafiki kama yeye.

Sasa sogea nikushike kichwa. Mola akupe usingizi wa kutosha na asubuhi iliyo nyepesi. Akuzungushie watu watakaokaa nawe unapopanda na unaposhuka, wasikuonee haya mbele za watu. Akupe kazi ya mikono yako na mikono ya kuifanyia. Akuoneshe wajukuu, nawe uwaketishe karibu kama nilivyokuketisha wewe. Amina. Haya, nenda kaniletee maji ya kunywa, na ukirudi uje na hivyo vidonge vyako, nami nitoe vyangu. Tutameza pamoja.